Kibaraza cha Duka la Viatu na Swali la Tisa

Jumatatu, 3 Juni

Barua kutoka kwa Mkuu wa Kitivo. Nimeisoma nimesimama. Nimeisoma tena nikitembea. Mara ya tatu nimeisoma ngazini nikakanyaga hewa. Bahati nzuri ilikuwa ngazi ya mwisho.

Kamati ya kupandisha vyeo inakaa Ijumaa ya tarehe 14. Nafasi ya uprofesa ni moja. Waombaji wawili: mimi na Jirani.

Jirani ni mhadhiri wa chumba cha pili. Kati yetu kuna ukuta wa mbao. Hata akikoroga chai namsikia. Mimi nimechunguza umaskini na watu wasio na makazi kwa miaka ishirini na sita. Yeye ana kumi na moja tu. Lakini ameweka benchi koridoni, mlangoni kwake, na watu wanaolala nje huja kukaa hapo mchana kutwa wakimsubiri. Wanapiga soga! Wanacheka! Nimeshaandika barua mbili kuomba benchi hilo liondolewe. Mtu atafikiri vipi juu ya watu wasio na makazi ikiwa wamejazana mlangoni pake?

Sasa kuna sharti jipya. Kila mwombaji alete mtu mmoja, aliye hai, ambaye maisha yake yamebadilishwa na utafiti wa mwombaji. Alama kumi na mbili. Bila hizo hakuna cheo.

Hii ni mara yangu ya tatu kuomba. Mara ya kwanza nilikosa kwa sababu sikuwa na kitabu. Mara ya pili kitabu nilikuwa nacho, ila fomu niliibana kichwa chini miguu juu. Mwakani natimiza sitini, nastaafu. Ni sasa au nizikwe na uhadhiri mwandamizi wangu.

Jioni nimemweleza mke wangu. Alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni. Akasema kwani taabu iko wapi, si nimwite mmoja wa hao ninaowaandika. Nikamweleza kwamba mimi nawachunguza, siyo kwamba tunajuana. Akatoa pini mdomoni, akanitazama, akazirudisha.

Nimeshindwa kukaa. Nimeizunguka meza mpaka ameniambia nitamtobolea zulia.

Jumanne, 4 Juni

Makala arobaini na moja! Nimezitandaza sakafuni ofisini, nikazipitia moja moja nikitafuta mtu. Kuna kaya. Kuna sampuli. Kuna wahojiwa na makundi lengwa. Mtu hakuna.

Zimenukuliwa mara sitini na tatu. Kati ya hizo, mara hamsini na mbili nimejinukuu mwenyewe. Sioni aibu. Usipojipigia debe, nani akupigie?

Saa nne nikamwita tarishi wa idara, nikamuuliza kama utafiti wangu umewahi kubadilisha maisha yake. Akasema sana. Akasema tangu aanze kunipandishia makala zangu ghorofa ya tatu mgongo haujawa ule ule. Nilifikiria kumpeleka kwenye kamati. Nikaona hapana, ataomba fidia.

Nimeanza barua nne, sijamaliza hata moja. Nimekwenda dirishani, nimerudi. Upande wa pili Jirani anacheka na watu wake. Mmoja ameleta mwavuli kumrudishia. Mwavuli! Hiyo nayo ni taaluma?

Halafu heri ikaja bila kuitwa. Katibu muhtasi wa Mkuu alikuja kuchukua karatasi, akakanyaga makala ya kumi na saba, akasema dodoso hili mbona analijua. Shangazi yake anapika kwenye nyumba ya hifadhi ya manispaa, ile ya kulaza wasio na makazi, na pale mlangoni watu huulizwa maswali haya haya.

Maswali yangu! Yanatumika! Nilimkumbatia. Akasema atanishtaki kwa Mkuu.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda nyumba ya hifadhi kabla haijafunguliwa. Nimesubiri getini nikipokezana miguu.

Karani wa mlangoni ni mwanafunzi wangu wa zamani! Alipata alama ya chini kabisa ya kufaulu, na hana kinyongo. Akasimama, akaniita Mwalimu, akafuta kiti kwa mkono wa shati. Kisha akafungua droo. Dodoso langu! Maswali kumi na mawili, yametolewa fotokopi ya fotokopi mpaka herufi zimevimba, na chini kabisa jina langu. Machozi yalinilengalenga, sifichi.

Nikamuuliza ni wangapi wamesaidiwa. Akasema vitanda viko arobaini. Vyenye watu ni kumi na vinne.

Nikamuuliza vingine ishirini na sita vina kasoro gani. Akasema vitanda havina kasoro, watu ndio wanaanguka swali la tisa.

Swali la tisa ni moyo wa kazi yangu yote. Linauliza mtu amelala wapi kwa siku tisini zilizopita. Kwa mujibu wa tafsiri yangu, makazi ya kudumu ni mahali popote ambapo mtu amelala siku tisini mfululizo. Nilipokuwa naandika tasnifu, msimamizi alitaka namba kabla ya saa kumi jioni. Nikaweka tisini. Ni namba yenye heshima.

Nikamwambia karani kwamba pengine huwa anakaza sana. Akashtuka. Akasema Mwalimu, si wewe uliyetufundisha kwamba anayeruka swali ni mwizi? Kweli nilisema. Nilisema vizuri sana siku hiyo.

Nikaomba jina la mtu anayelijua dodoso kuliko wote. Akasema bila kufikiri: Mama Fagio. Ameshajaribu mara tatu. Analala kwenye kibaraza cha duka la viatu, nyuma ya posta.

Alhamisi, 6 Juni

Nimempata Mama Fagio. Alikuwa anafagia. Kibaraza kile ni kisafi kuliko ofisi yangu. Maboksi yamekunjwa na kufungwa kamba, msumari wa kutundikia mfuko, kopo la maji lenye kifuniko. Nilipotaka kupanda akanionyesha miguu yangu kwa ufagio. Nikavua viatu. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, kidole gumba nje. Akakitazama kidole, kisha akanitazama mimi, akasema karibu kaka.

Alikuwa dobi wa nyumba ya wageni. Nyumba ikauzwa, na chumba chake cha uani kikauzwa nayo. Amelala hapa miaka sita. Mwenye duka anampenda kwa sababu tangu awepo hakuna aliyevunja kufuli. Lakini mwisho wa mwezi huu duka linawekewa geti la chuma, kibaraza chote kitakuwa ndani. Mvua zimeanza na kifua chake kinambana. Anachotaka ni kitanda kimoja katika vile ishirini na sita. Basi.

Nikatoa dodoso. Hakunisubiri nisome. Alijibu swali la kwanza, la pili, la tatu, kwa mpangilio, macho kwenye barabara. Amelihifadhi lote! Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu hawawezi. Alipofika la tisa akasema: hapa hapa, miaka sita.

Nikampongeza. Ulimi uliteleza. Nikamwambia kitaalamu yeye ana makazi ya kudumu. Akaupumzisha ufagio ukutani, akaniuliza ni nani hasa aliyeliandika swali hilo, maana angependa kumwona.

Nikatazama barabara nami. Nikasema ni kamati.

Jumamosi, 8 Juni

Sina usingizi, sina hamu ya kula, mguu unatikisika wenyewe chini ya meza. Siku sita zimebaki. Nina mtu aliye hai, na utafiti wangu umemgusa kweli, tena mara tatu. Tatizo ni kwamba umemgusia mlangoni na kumrudisha.

Mke wangu amesikiliza yote huku anakata kitambaa. Akasema basi si ufute hilo swali la tisa? Kwa wino, mstari mmoja.

Nikamwambia haelewi. Makala arobaini na moja zimesimama juu ya swali la tisa. Nikilifuta leo, Ijumaa kamati itaniuliza miaka ishirini na sita nilikuwa nafanya nini. Hata mimi nitajiuliza. Nitakuwa nimejipalia makaa kichwani kwa koleo langu mwenyewe.

Akasema sawa, basi usiondoe swali, muondoe mama wa watu kibarazani.

Alikuwa ananikejeli, nilijua kwa jinsi mkasi ulivyolia. Lakini hapo hapo nikasimama! Ndiyo! Tafsiri inasema mfululizo. Akilala mahali pengine usiku mmoja tu, mfululizo umekatika. Swali linabaki, makala zinabaki, Mama Fagio anapata kitanda, nami nampeleka kwenye kamati akiwa ametoka kuoga. Nilimbusu mke wangu utosini. Akasema niangalie, kuna pini.

Kulikuwa na pini.

Jumatatu, 10 Juni

Alale wapi? Siku nzima nimetembea na swali hilo na dodoso mkononi.

Mke wangu alisema aje kwetu, chumba cha cherehani kina nafasi. Nilikataa katakata. Swali la nne: aliyelala ndani ya kuta nne katika siku saba zilizopita, hana sifa. Stesheni? Swali la tano: huyo ni msafiri. Nyumba ya ibada au hospitali? Swali la sita: tayari yuko chini ya uangalizi. Niliziba kila tundu, kumbe nilikuwa kijana mwenye akili kiasi hiki! Nimejivunia kwa dakika kadhaa, kisha nikaendelea kutafuta tundu.

Saa tisa alasiri nimelipata. Nilikuwa natoka ofisini, nikajigonga goti kwenye benchi la Jirani. Benchi! Korido yetu ina ukuta upande mmoja tu, upande wa pili ni hewa. Si nyumba, si stesheni, si hospitali. Paa lipo. Mlinzi wa zamu ya usiku aligoma kwanza, nikamwandikia barua ya kibali na kuipiga muhuri wa maktaba ya idara, ndio uliokuwa karibu. Akaipokea kwa mikono miwili.

Jumanne, 11 Juni

Mama Fagio amekataa. Amesema asiyekuwepo na lake halipo. Kuna jamaa mmoja, wanamwita Kofia, analala upande wa benki ambako maji ya mvua hupita, na kila jioni huja kukitazama kibaraza. Akiondoka usiku mmoja tu, amekwisha.

Nikamwapia kwa heshima ya usomi wangu. Akauliza heshima hiyo akiitandika chini inazuia baridi?

Nikarudi ofisini mbio, nikaandika kibao: NAFASI HII IMEHIFADHIWA KWA AJILI YA UTAFITI. Nikakiwekea plastiki. Nikakitundika kwenye msumari wake. Nikamweleza kwamba ni usiku mmoja, kesho asubuhi tunakwenda kwa karani, jioni yuko kitandani, wala kibaraza hatakihitaji tena. Mvua ikaanza. Alikohoa kwa muda mrefu. Kisha akachukua mfuko wake, akanipa ufagio nimbebee, akasema haya kaka, umeniapia.

Nimempeleka mpaka benchini. Amelijaribu kwa kiganja. Akasema mbao nzuri.

Jumatano, 12 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nilifika chuoni alfajiri. Korido yote imefagiwa, hata mlangoni kwangu, ambako hapakuwa pamefagiwa tangu muhula uliopita. Na Jirani alikuwa ameshafika! Wamekaa benchini, wanakunywa chai ya Jirani. Jirani anamuuliza habari za kifua chake. Bila dodoso! Bila fomu ya ridhaa! Mhojiwa wangu! Niliumia kuliko nilivyoumia na pini. Nikamwambia Mama Fagio tunachelewa.

Kwa karani. Swali la kwanza mpaka la nane, safi. La tisa: umelala wapi siku tisini zilizopita? Mama Fagio akasema kibarazani, kisha benchini. Karani akahesabu kwa vidole, akanyanyua uso, akatabasamu. Mfululizo umekatika! Nilimpiga karani begani. Mama Fagio akafunga macho, akashusha pumzi.

Karani akageuza ukurasa.

Swali la kumi: je, mhusika ameacha makazi yake kwa hiari katika siku thelathini zilizopita?

Nililisahau. Naapa nililisahau. Nililiandika mwenyewe mwaka ule ule, ili kuwanasa wajanja. Karani naye uso ulimshuka. Akasema Mwalimu, huyu alikuwa na makazi ya kudumu, miaka sita, nawe ndiye uliyetoa tafsiri. Kayaacha kwa hiari. Arudi baada ya siku thelathini. Nikamwambia pengine hili la kumi tungeweza kulipita harakaharaka. Akanitazama kwa huzuni, akasema kwamba siku ile nilipofundisha aliandika maneno yangu kwa wino mwekundu.

Tukarudi dukani karibu tunakimbia. Kofia alikuwa amelala kibarazani, mguu juu ya mguu, kibao changu amejifunika usoni kuzuia mwanga. Nikamwonyesha maandishi. Akasema ameyasoma vizuri, mkuu. Nafasi ni ya utafiti, naye wanafunzi wangu wameshamtafiti mara nne, mara ya mwisho walimwahidi kalamu na hawakuleta. Kama kuna mwenye haki ya pale, basi ni yeye. Mwenye duka akasema yeye hana ugomvi na mtu, geti linakuja.

Mama Fagio hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa juu ya mfuko wake kando ya barabara, ufagio magotini, akawa anatazama jinsi Kofia alivyoyatawanya yale maboksi.

Nilijisikia vibaya. Naandika hapa ili ijulikane. Nilijisikia vibaya sana, kwa karibu dakika kumi.

Alhamisi, 13 Juni

Mfa maji haachi kutapatapa. Kamati ni kesho!

Jana mlinzi alimruhusu Mama Fagio kulala tena benchini, si kwa muhuri wangu bali kwa sababu ya ule ufagio. Asubuhi Jirani akaja mlangoni kwangu. Akasema ameshasikia yote. Akataka tuongozane kwa karani, yeye na mimi, ili nimwamuru karani kwa mdomo wangu alifute swali. Nikamwambia hapana, si kabla ya Ijumaa. Baada ya Ijumaa nitalitazama upya, nikiwa profesa nitakuwa na sauti zaidi. Akaniuliza kama nasikia ninachokisema. Nikamwambia nasikia kila kitu, ukuta ni mbao.

Mchana nimemwandikia Mama Fagio maelezo ya kusoma mbele ya kamati. Ukurasa mmoja, lugha safi: "Kwa hakika, mchango wa msomi huyu katika ustawi wangu hauna kifani." Akausoma wote polepole. Akaniuliza mama huyu wa kwenye karatasi ni nani, anaonekana amepata bahati.

Nikambembeleza. Nikamwambia nikipata cheo nitamtetea. Akasema atakuja. Akasema hana miadi mingine.

Ijumaa, 14 Juni

Nimevaa suti. Soksi mpya zote mbili.

Kituko cha asubuhi: benchi halipo! Ombi langu la miaka minne limekubaliwa leo hii. Mafundi walilibeba saa moja, Mama Fagio akiwa amesimama pembeni na mfuko wake. Watu wa Jirani wamekaa sakafuni na bado wanacheka.

Kamati. Meza ndefu inayoyumba. Mwenyekiti ni mwanasheria mzee, anasoma kila neno kwa kidole.

Alianza Jirani. Alikuwa na watu kumi na mmoja! Mmoja alisaidiwa kupata kitambulisho. Mwingine alipelekwa hospitali. Mwingine alipatanishwa na binti yake, siku hizi analala kwake. Nikaona kaburi langu linachimbwa. Mwenyekiti akawauliza wataje ni makala gani ya mwombaji iliyobadilisha maisha yao. Wakatazamana. Hawajui makala. Mwenyekiti akasema basi waliosaidiwa wamesaidiwa na mwombaji, siyo na utafiti wa mwombaji. Akaandika sifuri. Jirani alicheka peke yake, kicheko kifupi.

Zamu yangu. Mama Fagio akasimama. Akakitoa kile kikaratasi changu, akakikunja mara nne, akainama na kukiweka chini ya mguu wa meza. Meza ikatulia. Kisha akaongea.

Alisema alikuwa na kibaraza miaka sita. Akasema swali la tisa la bwana huyu lilimwambia kibaraza hicho ni nyumba. Akasema leo anajua kwamba kamati iliyoliandika ni yeye huyu mmoja, maana jina lake lipo chini ya karatasi na yeye kusoma anajua. Akasema Jumanne bwana huyu alimwapia, akamtoa kibarazani, na kesho yake swali la kumi likasema ametoka kwa hiari yake. Kibaraza anacho mtu mwingine. Kitanda hana. Hata benchi limebebwa leo asubuhi. Akasema ameishi miaka hamsini na nne, ameona mengi, lakini hajawahi kubadilishiwa maisha kwa haraka namna hii. Akakaa.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Jasho lilinishuka mpaka kwenye soksi mpya.

Mwenyekiti akavuta mwongozo. Akasoma kwa kidole. Akasema sharti linasema hivi: maisha ya mtu huyo yawe yamebadilishwa na utafiti. Akamuuliza Mama Fagio kama yamebadilishwa. Akajibu ndiyo. Akamuuliza ni na utafiti wa mwombaji? Ndiyo, la tisa na la kumi. Mwenyekiti akasema mwongozo hauelezi yabadilike kuelekea wapi. Akaandika kumi na mbili kati ya kumi na mbili.

PROFESA! Mimi! Nimelisema kwa sauti chooni mara tatu!

Koridoni watu walinipa mkono. Mama Fagio akanisubiri mpaka wakaisha. Akaniuliza: haya Profesa, mimi leo nalala wapi?

Mtu wa kwanza kuniita Profesa! Tena swali lenyewe! Fupi, wazi, halina utata. Miaka ishirini na sita sijawahi kuliuliza. Nikatoa kalamu hapo hapo, nikaliandika nyuma ya barua ya Mkuu: swali la kumi na tatu. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshashuka ngazi na Jirani, mfuko Jirani kaubeba yeye. Hakunisainia fomu ya ridhaa.

Jumapili, 16 Juni

Kikulacho ki nguoni mwako! Kumbe Jirani anashonewa nguo na mke wangu. Miaka mitatu sasa! Zile gauni za maua ninazoziona koridoni zinatoka nyumbani kwangu. Ijumaa alimleta Mama Fagio moja kwa moja hapa, na mke wangu akasogeza cherehani, akatandika godoro, hawakuniuliza wala kunipigia simu. Nilirudi na habari za uprofesa, nikakuta wamekaa watatu, wanacheka. Mama Fagio alinionyesha miguu. Nikavua viatu mlangoni pangu mwenyewe.

Mke wangu amesema atakaa mpaka atakapotaka. Wameshapatana: anapiga pasi nguo za wateja, na mkono wake ni mwepesi kuliko wa mke wangu. Kikohozi kimepungua. Nyumba nzima imefagiwa na mimi sijui pa kuzungukia, kila nikipita naambiwa niinue miguu.

Nimejaribu kuwaeleza madhara yake. Kuta nne, swali la nne, mhojiwa ameharibika, sampuli yangu yote imekwenda na maji. Mke wangu aliniambia Profesa, kula.

Sikula. Nilikuwa nimeshalipiga chapa swali la kumi na tatu na mikono inaniwasha kulijaribu. Nikachukua ubao wa kuandikia, nikamfuata Mama Fagio kwenye pasi, nikamuuliza rasmi: je, leo utalala wapi?

Akasema: hapa.

Nikaliandika jibu. Siku ya Ijumaa, hakuwa na mahali. Siku ya Jumapili, anapo. Na katikati yake kuna nini? Kuna swali la kumi na tatu! Nimeirudia hesabu mara mbili, haina kosa. Kabla ya swali, wasio na makazi: mmoja. Baada ya swali: hakuna. Tatizo limepungua kwa asilimia mia moja, katika siku mbili, bila kitanda hata kimoja cha serikali. Katika taaluma nzima sijaona matokeo kama haya.

Makala ya arobaini na mbili nimeianza kabla ya chai na sasa niko ukurasa wa tisa. Dodoso jipya nimeshampelekea karani, maswali yote kumi na matatu, na kumsisitizia asiruke hata moja. Shukrani nazo nimeziandika kabisa. Nimeishukuru kamati, nimemshukuru Mkuu wa Kitivo, na mke wangu nimemtaja mwishoni, kwa uvumilivu wake.